Nyumba Iliyomnyamazisha Kasoro

Madalali wengine wa mji ule walijipa majina ya kujisifu, lakini huyu wetu aliitwa Kasoro, na akiitwa aliitika bila kinyongo. Jina alilipata kazini. Dalali wa kawaida akikupeleka kuona nyumba hukufungulia sebule kwanza, akavuta pazia, akakuacha ushangae. Kasoro alikupitisha moja kwa moja hadi pale palipo pabaya kuliko pote. Kama ni choo kinachoziba, ziara ilianzia chooni. Kama ni paa linalovuja, ulitazama dari kabla hata hujamsalimu mwenye nyumba.

"Hapa ndipo mtakapogombania, mke na mume," alikuwa akiwaambia wanunuzi. "Mkipavumilia hapa, kwingine kote ni raha tupu."

Wenye nyumba walimnunia kweli kweli, mpaka siku ya kuuza. Maana, amini usiamini, watu walinunua. Walinunua kidogo kidogo, baada ya kukuna vichwa na kurudi mara mbili tatu, lakini hakuna aliyewahi kumfuata Kasoro baadaye na matusi. Madalali wangapi wanaweza kupita sokoni bila kubadili njia wakimwona mteja wa zamani? Yeye alipita katikati, tena akisalimia.

Mwaka ule biashara ya nyumba ilikuwa imelala fofofo. Kiwanda cha nyuzi kilikuwa kimepunguza watu, mabenki yamebana mikopo, na vibao vya "INAUZWA" vilikaa getini mpaka maandishi yakapauka. Wauzaji walikuwa wengi, wanunuzi wa kutafuta kwa tochi. Na mnunuzi mwenyewe alitembea kama mtu anayechagua nyanya, anabonyeza hii, anaiacha, anabonyeza ile. Kwa njaa hiyo, madalali wakakimbilia ndoo za rangi. Ukuta una ufa? Rangi. Ukungu? Rangi. Ikafika mahali mnunuzi akisikia harufu ya rangi mbichi anageuka kule kule getini.

Bingwa wa mchezo huo aliitwa Mzee wa Picha, kwa kuwa alipiga picha za vyumba akiwa amelala chali kwenye kona, na stoo ikatoka kwenye simu ikiwa ukumbi wa harusi. Yeye na Kasoro waligawana benchi moja nje ya duka la kutoa kopi, ndiyo ofisi yao, na walipendana kwa namna ya watu wanaotaniana kila siku.

Basi katika mwaka huo huo mgumu, dada yake Kasoro akaamua kuuza nyumba.

Dada huyo ndiye aliyemlea Kasoro baada ya mama yao kufariki. Alikuwa mjane sasa, magoti yameanza kumgomea, na nyumba yake ilikaa juu ya kilima, ngazi tupu kutoka barabarani hadi mlangoni. Binti yake wa pekee aliishi upande wa pili wa mji, mjamzito, na jirani na binti huyo kulikuwa na kinyumba kidogo, tambarare, kisicho na ngazi hata moja. Mwenye kinyumba, nesi mstaafu, aliahidi kumsubiri hadi mwisho wa mwezi. Baada ya hapo angempa mtu mwingine. Dada alikipenda kile kinyumba kama mtoto anavyopenda kiatu kilichoko dirishani dukani. Alishajua hata kiti chake atakiweka wapi, asikie mjukuu akilia upande wa pili wa ukuta.

Kasoro alipofika kuikagua nyumba, harufu ilimpokea kwenye ngazi za chini.

"Dada," alisema, "umepaka rangi?"

"Nimepaka. Nyumba yangu, rangi yangu."

Alikuwa amepaka kila kitu, rangi ya njano ya kiini cha yai, mpaka swichi za taa. Na katika chumba cha nyuma kabati kubwa la nguo, ambalo siku zote lilikaa mkono wa kushoto wa mlango, sasa lilikuwa limesukumwa kwenye ukuta wa nje. Kasoro alilitazama kabati. Akamtazama dada yake, mwanamke ambaye siku hizi alipanda ngazi akishika ukuta, akajiuliza alilisukumaje.

"Nyuma ya kabati kuna nini?"

"Unyevu. Mvua zikianza, ukuta unalia. Unaanzia chini unapanda. Nimefuta, nimepaka, unarudi." Halafu akamshika mkono. "Mdogo wangu, sijawahi kukuomba kitu. Leo nakuomba. Usiuseme huo ukuta. Wakikuuliza, wajibu. Wasipokuuliza, nyamaza."

"Dada, unajua kazi yangu."

"Naijua. Na mimi unanijua. Niliwahi kukwambia hapana?"

Hakuwahi. Alimpikia, alimshonea sare za shule kutokana na magauni yake mwenyewe, alisimama mbele ya walimu akisema mdogo wangu hakuvunja hilo dirisha, na hali alijua amelivunja. Sasa ungekuwa wewe ungesemaje? Kasoro akakubali. Alishuka ngazi akijisemea kwamba mara moja haiwezi kuwa dhambi kubwa.

Wanunuzi waliokuja walikuwa mke na mume. Mume alikuwa fundi mwashi, mtu mpole mwenye mikono mikavu ya saruji. Mkewe alikuwa mshonaji, naye ndiye aliyekuwa msemaji wa familia. Walikuwa na watoto mapacha, na kwa hiyo mkewe alimwita Baba Pacha. Walikuwa wamechoka kuzungushwa.

"Kaka, sisi tumekutafuta wewe makusudi," mama akasema wakiwa bado ngazini, anahema. "Tumeshaonyeshwa nyumba mpaka tumekinai. Kila mtu anasema haina tatizo, haina tatizo. Tukaambiwa, nendeni kwa Kasoro, yule atawaanzia na ubovu. Haya, tuanzie wapi?"

Kasoro akameza mate. "Tuanzie sebuleni," akasema.

Mke na mume wakatazamana.

Hapo ndipo Kasoro alipogundua jambo ambalo hakuwahi kulijua katika miaka yake yote ya udalali: hakuwa na ujuzi wowote wa kusifia. Hakuna aliyewahi kumfundisha. Akasimama katikati ya sebule ya dada yake, jasho linamtoka, akanyoosha kidole.

"Hili ni dirisha," akasema.

"Tunaliona," mama akajibu.

"Linaingiza mwanga. Na huu ni mlango. Unafunguka." Akaufungua. "Na unafungwa." Akaufunga.

Wakaenda jikoni, akawaonyesha sinki, akasema ni sinki. Wakaingia chumba cha nyuma. Fundi akavuta hewa puani, akatazama ukuta wa njano, akatazama kabati, akafungua mdomo kama anayetaka kuuliza kitu. Kisha akamtazama Kasoro usoni kwa muda, akaufunga. Kasoro naye alikuwa anakitazama kiatu chake. Alitamani kuulizwa. Angeulizwa tu, hata kwa kukohoa, angelisukuma lile kabati kwa kichwa. Hakuulizwa.

"Kwa hiyo," mama akasema taratibu walipofika getini, "haina tatizo lolote?"

"Tatizo..." Kasoro akasema. Dada alikuwa amesimama mlangoni juu, leso mkononi, anamtazama. "Ngazi ni nyingi," akamalizia.

"Tutakupigia," mama akasema. Wakaondoka haraka, bila kugeuka nyuma.

Hawakupiga. Akaja mwalimu mmoja aliyekuwa na hamu kweli, akaahidi kurudi na mkewe, hakurudi. Mwingine alipanga kuja asubuhi akaghairi kwa simu, eti amepata safari. Mwezi ukawa unaisha. Dada alikuwa anampigia Kasoro kila siku kwa sauti ya kujikaza, anauliza wamesemaje, na Kasoro anasema bado wanafikiria. Usingizi ulimpotea. Kibaya zaidi, hakuelewa. Amefanya kama madalali wote wanavyofanya, mbona yeye mambo yanamwendea mrama?

Aliyemfumbua macho ni Mzee wa Picha, pale pale kwenye benchi lao, akicheka mpaka anashika mbavu.

"Ndugu yangu, umeiua nyumba ya dada yako kwa mikono yako miwili. Hujui mjini wanasemaje?"

"Wanasemaje?"

"Wanasema ile nyumba ina jambo. Eti Kasoro, Kasoro huyu huyu anayekwambia mpaka mbwa wa jirani anakoroma, amepita vyumba vyote kama mtu aliyemeza gundi. Sasa watu wanajiuliza: ubovu gani huo, mpaka Kasoro ameogopa kuutaja? Wengine wanasema kuna mtu amefia humo. Wengine wanasema msingi umekatika, nyumba inateleza kidogo kidogo kwenda bondeni. Juzi nimesikia kuna nyoka." Akafuta machozi. "Mimi nikinyamaza, hakuna anayejali, nimezoeleka. Lakini wewe? Wewe ukinyamaza watu wanakimbia."

Kasoro hakucheka. Alikaa na lile neno, likamwingia mpaka kwenye mifupa. Kumbe nia yake njema ndiyo iliyomfungia dada yake mlango. Alisikia uchungu, na chini ya ule uchungu, nitasema ukweli wake, alisikia ahueni kidogo, kwa kuwa sasa alijua la kufanya. Akainuka, akazipanda zile ngazi bila kupumzika hata mara moja.

"Dada, niachilie ahadi yangu," akasema kabla hajaketi. Akamweleza yote, ya gundi, ya maiti na ya nyoka.

Alidhani atakasirika. Badala yake dada akakaa kitandani katika kile chumba cha nyuma, akaegemeza mikono magotini.

"Unadhani naficha ukuta kwa ajili ya bei?" akauliza.

"Kwa ajili ya nini basi?"

"Hiki chumba kilijengwa na nani?"

Hapo Kasoro akakumbuka. Chumba cha nyuma kilijengwa na shemeji yake, marehemu, kwa mikono yake mwenyewe, Jumamosi baada ya Jumamosi. Shemeji alikuwa karani, mtu wa kola nyeupe na miwani, na familia nzima ilimcheka. Walimwambia aite fundi. Walimwita mhandisi, walimwuliza kama atapiga muhuri kila tofali. Yeye alitabasamu akaendelea kupima na uzi wake. Alipomaliza, alikesha humo ndani usiku wa kwanza kwa furaha, hakutaka hata kitanda.

"Hakuishi siku nyingi baada ya hapo," dada akasema. "Na mvua za mwaka uliofuata ndipo ukuta ukaanza kulia. Niliona haya kwa niaba yake, mdogo wangu. Nikajua watu wakiona watasema, si tulimwambia? Hayupo wa kujitetea. Kwa hiyo nikawa nafuta. Miaka yote hii nafuta." Akaikunjakunja leso yake magotini. "Sikutaka nyumba iuzwe halafu mgeni asimame hapa aseme aliyejenga hapa hakujua kazi."

Kasoro akakaa kando yake. Alitamani kusema maneno ya kumfariji, lakini kama tulivyoona, maneno mazuri hayakuwa fani yake. Akamshika tu bega. Wakakaa hivyo, kabati mbele yao, harufu ya rangi puani.

Mwishowe dada akapiga moyo konde. "Nipe simu," akasema.

"Ya nini?"

"Wewe nipe. Umeshanyamaza vya kutosha."

Akampigia yule mama mshonaji mwenyewe, spika ya simu imefunguliwa. "Mwanangu, mimi ndiye mwenye nyumba ya ngazi. Nataka kukwambia kitu nilichomkataza mdogo wangu asikwambie. Ukuta wa chumba cha nyuma una unyevu. Nimeuficha kwa kabati, nikapaka rangi. Nisamehe."

Ikasikika pumzi ndefu ikishushwa, na nyuma yake cherehani ikasimama.

"Unyevu?" mama akasema. "Unyevu tu?"

"Unyevu tu."

"Hakuna aliyefia humo?"

"Hakuna."

"Jamani!" Akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyetuliwa gunia. "Mama yangu, sisi tuliipenda ile nyumba tangu mlangoni! Usiku hatukulala, tunajiuliza ni kitu gani. Baba Pacha alisema, kama Kasoro mwenyewe anatetemeka, mke wangu, tukimbie. Tunakuja sasa hivi. Asiguse mtu hilo kabati."

Walikuja jua bado kali, na fundi alikuja na mfuko wake wa vifaa. Safari hii Kasoro aliwapeleka chumba cha nyuma moja kwa moja, mwendo wa mtu anayerudi kwake. "Hapa ndipo mtakapogombania," akatangaza, na sauti yake yenyewe ilimpendeza masikioni. Wanaume wawili wakasukuma kabati. Doa lilikuwa pale, chini ya rangi ya yai, limevimba kama uso wa mtu aliyelia sana.

Fundi akachuchumaa. Akakwangua rangi, akagonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akagonga juu zaidi. Dada alisimama nyuma yake kashika leso kwa mikono yote miwili. Fundi akatoka nje, akazunguka nyumba, na wote wakamfuata kama watoto wanaomfuata mpiga ngoma.

Nje ya ukuta ule kulikuwa na bustani ya mawaridi. Udongo wake ulikuwa mweusi, mzuri, umelundikwa juu hadi karibu na dirisha, bado una maji ya asubuhi.

"Haya maua ya nani?" fundi akauliza.

"Yangu. Niliyapanda mume wangu alipofariki. Nililetewa udongo wa rutuba, tukaupandisha vizuri. Nayamwagilia asubuhi na jioni, sijawahi kuyakosesha maji."

Fundi akachukua mwiko wake, akachimba polepole kando ya ukuta, akihurumia mizizi. Akachimba mpaka mkono ukazama. Kisha akafuta matope kwa kidole gumba, akawaita wasogee. Chini kule, juu kidogo ya msingi, kulikuwa na ukanda mweusi uliopita ndani ya ukuta, umenyooka kama mstari wa rula.

"Mama, huu ukanda ndio unaozuia maji yasipande kutoka ardhini," akasema. "Mafundi wengi wanauruka kwa sababu hauonekani nyumba ikiisha. Huyu hakuuruka. Tena ameulaza vizuri, hauna kiungo hata kimoja kilichoachia. Tatizo ni huu udongo. Umepanda juu ya ukanda, kwa hiyo maji yanaingilia kwa juu yake. Ukishushwa, ukuta utakauka wenyewe kiangazi hiki." Akapitisha kiganja ukutani. "Nani alijenga hapa?"

"Mume wangu," dada akasema, sauti ndogo.

"Alikuwa fundi?"

"Alikuwa karani."

Fundi akatikisa kichwa, akautazama tena ule ukanda. "Aliyejenga hapa hakuwa na haraka," akasema. "Natamani vijana wangu wangejenga hivi."

Mkewe akampiga kikumbo. "Baba Pacha! Ungelisema hilo baada ya kupatana bei!"

"Si umesema unataka watu wa kweli?" fundi akajibu, na wote wakaangua kicheko, Kasoro kwa nguvu kuliko wote, kicheko kilichomtoka pamoja na usingizi wote alioukosa.

Dada hakucheka nao. Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa bustani, miguu kwenye udongo wake, mkono umelala kwenye ule ukanda mweusi. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Kumbe ni mimi," alikuwa anasema. "Kumbe ni mimi na maji yangu. Yeye hakukosea kitu." Alisema mara nyingi, kila mara uso wake unafunguka zaidi, mpaka akaonekana kama yule dada wa zamani aliyewatetea watu mbele ya walimu.

Bei walipatana pale pale bustanini, bila kuvutana sana. Mama mshonaji aliomba jambo moja, mawaridi yasitupwe bali yahamishiwe kando ya geti, na dada akaomba lingine, matawi mawili aende nayo kwenye kinyumba chake kipya. Kasoro akawaambia wote, kwa tabia, kwamba mlango wa jikoni unakwaruza sakafu na jirani wa chini ana redio. Wakamwambia sasa anyamaze.

Wageni walipokwisha shuka, dada akaomba simu tena. Kasoro akamtafutia namba ya binti yake, akamwekea sikioni. Kutoka pale alipokaa alisikia sauti ya binti, ya haraka, yenye wasiwasi.

"Mama? Imeuzwa? Nambie, wamechukua? Yule nesi ameniuliza tena leo."

"Subiri kwanza," dada akasema. "Kaa chini. Nataka kukwambia habari za baba yako."